Picha Iliyokwama Bandarini

Leo nataka tuongee juu ya jambo linalowala watu wengi pesa na usingizi hapa mjini Kindu. Ni ile simu iliyotoka ng'ambo, ambayo inapiga na inapokea, inaandika ujumbe na kuusoma, lakini picha haitoki na picha haiingii.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Mdogo wangu anayeishi Ulaya alinitumia simu kwa mkono wa msafiri. Simu nzuri, kioo kipana, na aliniambia imekwisha kufunguliwa, imedeblokewa kama tunavyosema, inakubali kadi ya kampuni yoyote. Nikaweka kadi yangu, nikampigia mama mkubwa kule Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, sauti yake ikaja safi kama tumekaa mkeka mmoja. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na mdogo wangu.

Wiki ileile mjukuu wa mama mkubwa akaugua kule Kasongo. Muuguzi akaandika dawa ambayo kule haikupatikana, akaipiga picha karatasi ile, akatutumia ili tuinunue hapa Kindu na kuipeleka kwa pikipiki. Picha haikufunguka. Niliona kivuli chake tu, na kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikatembea hadi ukingo wa Lualaba, mahali watu wanaposema rezo ni nzuri. Kiduara kilekile. Muuguzi akanisomea jina la dawa kwa sauti, herufi moja moja, nami nikaandika. Nilipofika farmasi, mwenye farmasi akasoma nilichoandika, akatikisa kichwa. Alisema kuna dawa mbili zenye majina yanayokaribiana hivyo, na hawezi kumpa mtoto dawa ya kukisia. Nami nasema mbele yenu: alikuwa na haki kabisa.

Nikampelekea fundi mmoja simu ile. Aliigeuza, akaitazama kidogo, akasema simu imeharibika ndani, lazima aiflashi upya, dola 20, niiache siku mbili. Nilikuwa tayari kulipa. Aliyeniokoa ni kijana wa jirani, mwanafunzi, aliyeniuliza kwa adabu: “Papa, kadi hii ulipoiweka, uliandika APN yake?” Sikujua anasema nini. Akaketi kando yangu, akaandika maneno machache, akazima simu na kuiwasha. Ile karatasi ya muuguzi ikafunguka, herufi zote zinasomeka. Haikuchukua hata dakika tano, wala hakuniomba hata faranga moja.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni watu wangapi katika jimbo letu la Maniema wanalipia ugonjwa ambao simu yao haina? Ndiyo maana leo nimekuja na jambo hili. Kama una kalamu karibu, ichukue. Kama una mtoto anayejua kuandika, mwite akae karibu na redio.

Tuanze na mzizi wa jambo. Sauti na picha hazisafiri katika chombo kimoja. Ukishika hilo, umeshika nusu ya dawa. Sisi watu wa Kindu tuna bahati ya kulielewa upesi, kwa sababu mji wetu ulikuwa mahali pa kubadilishia chombo. Wazee wanakumbuka uliitwa Kindu-Port-Empain. Mzigo uliotoka kusini, kutoka upande wa Kongolo, ulifika hapa kwa treni. Hapa ukashushwa, ukapakiwa katika meli, ukateremka Lualaba kama kilometa 300 hadi Ubundu. Kule Ubundu maporomoko yanazuia meli, basi mzigo ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine kilometa 125 hadi Kisangani. Sasa fikiria gunia limefika kituoni Kindu bila karatasi ya kusema linapanda meli gani. Gunia ni zima, treni imefanya kazi yake, mto unatiririka, na gunia linabaki bandarini. Mwenye gunia kule Kisangani atalaumu treni, atalaumu mto, na kilichokosekana ni karatasi tu.

Picha yako ni gunia lile. Sauti ina njia yake, na simu yoyote iliyoshika rezo inaijua. Picha lazima ibadilishe chombo, ipande njia ya intaneti ya kampuni yako. Na mlango wa njia hiyo una jina lake. Jina hilo ndilo APN. Kila kampuni ina lake: Vodacom ina lake, Airtel ina lake, Orange ina lake. Simu isiyojua jina la mlango itapiga na kupokea mwaka mzima, na picha zitaendelea kulala bandarini.

Mtu ataniuliza: mbona simu ya jirani yangu, aliyoinunua hapahapa sokoni, ilijipanga yenyewe? Ni swali zuri. Kadi ya simu ina namba ndani yake, na kwa kadi za nchi yetu namba hiyo huanza na 630. Unapoiingiza, simu husoma 630 na tarakimu zinazofuata, kisha hutafuta katika daftari lake la ndani: hii ni kampuni gani, na mlango wake unaitwaje? Simu iliyotengenezewa masoko ya Afrika kwa kawaida ina kampuni zetu katika daftari hilo. Simu iliyotengenezewa kampuni moja ya Marekani au ya Ulaya inaweza kuwa na daftari lisilotutaja kabisa, au ikang'ang'ania mlango wa kampuni iliyoiuza kwanza. Kuifungua simu ni kuiondolea kizuizi cha kukubali kadi ya mwingine. Hakuijazi daftari. Ukimtoa mgeni gerezani ukamleta Kindu, amekuwa huru kweli, lakini bado hajui njia ya kwenda sokoni. Lazima umwonyeshe.

Basi tumwonyeshe. Nitasema polepole.

Kwanza, hakikisha una mega za intaneti. Usicheke, mama, kwa sababu wengi wanakwama hapa. Forfe ya kupiga si forfe ya intaneti, na forfe ya siku moja hufa usiku bila kubisha hodi. Uliza salio lako kabla ya kuilaumu simu.

Pili, angalia kama njia ya intaneti imewashwa, pale palipoandikwa Données mobiles. Kama simu ina nafasi ya kadi mbili, angalia ni kadi ipi iliyopewa kazi ya intaneti. Nimeona mtu ananunua mega kwenye kadi ya kwanza na simu inatafuta mega kwenye kadi ya pili. Atanunua hadi kesho.

Tatu, fungua ukurasa wowote wa intaneti. Hiki ndicho kipimo kikubwa, tafadhali kishike. Ukurasa ukikataa kufunguka, na mega unazo, na rezo ipo, basi yaelekea mlango haujaandikwa. Ukurasa ukifunguka na picha bado inakataa, ugonjwa uko mahali pengine, na hapo nitafika baadaye.

Nne, andika mlango. Katika simu za Android, ingia Paramètres, tafuta mahali pa rezo ya simu, ndani yake utakuta orodha ya APN. Ongeza mpya. Jina la mlango na maneno mengine yatoke kwa kampuni yako, kwa namba ya huduma au dukani kwao. Usichukue yale unayoyasikia barabarani, kwa maana herufi moja ikikosewa mlango haufunguki. Andika kama ulivyopewa, bila nafasi kati ya herufi. Hifadhi, kisha uchague kwa kubonyeza kiduara kando ya jina lake. Wengi huandika vizuri na kusahau kuchagua. Zima simu, iwashe.

Kwa wenye iPhone, mahali pa kuandika pako ndani ya sehemu ya intaneti ya simu. Ikiwa hupaoni, au maneno yanarudi ya zamani kila ukiyafuta, tafuta kama kuna wasifu wa mipangilio ulioachwa na kampuni ya kwanza. Ufute. Wasifu huo ni kama mwenye nyumba wa zamani aliyebaki na ufunguo: kila unapopanga vyombo, yeye anapangua.

Sasa niseme juu ya aina mbili za picha, kwa maana tunazichanganya. Wengi wetu tukisema picha haiendi, tunamaanisha WhatsApp. Lakini iko picha nyingine, inayotumwa ndani ya ujumbe wa kawaida, inayoitwa MMS. Ujumbe wa maneno ulitumwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Miaka kumi baadaye, mwaka 2002, kampuni ya Telenor ya Norway ikaanza kuwauzia watu ujumbe wa picha. Ndugu zetu walioko Marekani bado wanautumia sana, hata bila kujua. Wakiandikia jamaa watano kwa pamoja katika ujumbe wa kawaida, simu zao mara nyingi huugeuza kuwa MMS.

MMS ina tabia yake. Picha haiji moja kwa moja kwako. Inawekwa kwanza katika bohari ya kampuni, kisha kampuni inakutumia ujumbe mdogo: una mzigo, njoo uchukue. Simu yako inapaswa kuamka yenyewe, kupita mlango wake na kwenda kuuchukua. Ndiyo maana unaona neno la kupakua, unabonyeza, na hakuna kinachotokea. Barua ya kuitwa imefika, njia ya bohari haijulikani. Kwa MMS, mbali na jina la mlango, simu inahitaji anwani ya bohari, na katika sehemu ya aina ya APN lazima liwemo neno mms, likitengwa na mengine kwa koma bila nafasi. Tena MMS kwa kawaida hupita njia ya kampuni ya simu. Ukizima Données mobiles ukategemea wayifai ya ofisini, huenda isije. Na ujue hili pia: kampuni mbili zisipokuwa na makubaliano kati yao, MMS ya kutoka ng'ambo haivuki hata kama simu yako imepangwa na malaika. Basi mwambie ndugu yako wa Marekani kwa upole: tuma kwa WhatsApp.

Uko mtego mwingine unaowapata waliobadilisha simu. Ukiwa na iPhone, kisha ukahamisha kadi yako kwenda Android, simu za wenzako wenye iPhone zinaweza kuendelea kukutumia ujumbe na picha kwa njia ya iMessage, kwenye nyumba uliyokwisha hama. Wao wanaona imekwenda, wewe huoni kitu, na udugu unaanza kuingia baridi. Kabla ya kuhama, zima iMessage katika simu ya zamani. Kama umekwisha hama, Apple wana ukurasa wa kuiondoa namba yako.

Turudi sasa kwa yule ambaye ukurasa wa intaneti unafunguka, na WhatsApp inakataa picha. Angalia vitu vinne. Tarehe na saa: simu iliyokaa bila moto kwa muda mrefu huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na WhatsApp haielewani na simu inayoishi mwaka mwingine. Sisi Maniema tuko saa moja mbele ya Kinshasa, panga hivyo. Nafasi: simu iliyojaa video za harusi haina mahali pa kuweka picha mpya. Ruhusa: huenda ulipoulizwa kama WhatsApp iguse picha zako ulibonyeza hapana. Na umri wa simu, jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema. WhatsApp ya leo inahitaji Android toleo la 5 kwenda juu, na kwa iPhone inahitaji mfumo wa iOS 15.1 kwenda juu. iPhone 6, ambayo bado ni nzuri machoni na bado inauzwa, haifiki hapo. Hiyo hakuna fundi atakayeiponya. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Nikumbushe pia uzito wa gunia lenyewe. Simu za leo hupiga picha ya mega 4 au zaidi. Mahali penye rezo ya zamani, ile ya 2G, ambako njia inapitisha labda kilobiti 100 kwa sekunde, picha hiyo itachukua zaidi ya dakika tano, na ikikatika katikati unaweza kujikuta unaanza upya. WhatsApp ikiipunguza hadi kilobaiti 200, itapita kwa sekunde 16 hivi. Kwa hiyo, ukiwa Punia au Kabambare na rezo ni nyembamba, usitume picha kama hati na usichague ubora wa juu. Kata sehemu unayoihitaji, ile karatasi ya dawa peke yake, bila meza na ukuta.

Sasa nizungumze na wanaonunua. Neno debloke limekuwa kubwa kuliko maana yake. Simu zilifungwa kwa sababu ya biashara: kampuni ilikupa simu kwa bei ndogo, ikakufunga usihamie kwa jirani. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani ikiwa imefungwa kwa kampuni moja, AT&T, na haikumaliza hata miezi miwili kabla ya kijana wa miaka 17, George Hotz, kuifungua. Mwaka 2014 Marekani ikatunga sheria ya kumruhusu mtu kuifungua simu aliyoinunua. Kanada iliamuru simu zote mpya ziuzwe wazi kuanzia Desemba 2017, na Uingereza ikafuata Desemba 2021. Ndiyo sababu simu wazi ni nyingi leo katika mizigo inayotufikia.

Lakini wazi kuna namna mbili. Iko iliyofunguliwa na kampuni yenyewe, hiyo imefunguka kweli. Iko iliyodanganywa: chini ya kadi wameweka kijikaratasi chembamba chenye chipi, kinachoifanya simu idhani kadi yako ni ya kampuni yake. Siku simu inapojisasisha, uongo unagundulika, na unabaki na kioo mkononi. Ukinunua iPhone, toa kadi, tazama kama kuna chipi chini yake. Kisha ingia sehemu ya maelezo ya simu, soma mstari wa kizuizi cha kampuni: lazima useme hakuna kizuizi. Bonyeza pia *#06# uone IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu yenyewe, na uifananishe na iliyoandikwa kwenye boksi.

Na kuna jambo la masafa. Rudini nami kwenye reli. Reli ya Kindu ina upana wa milimeta 1,067. Reli ya Ubundu hadi Kisangani ina milimeta 1,000. Tofauti ni milimeta 67, upana wa vidole vinne, na hiyo inatosha kulizuia behewa letu lisitembee kule. Masafa ya rezo ni hivyohivyo. Simu za zamani za Marekani zilitengenezwa kwa masafa ya 850 na 1900, na huku kwetu, kwa 2G, tunatumia 900 na 1800. Nyingi za leo zinabeba masafa ya pande zote, lakini si zote, na nyingine hupata njia ya sauti ya 2G zikakosa njia pana ya intaneti. Hapo utaandika APN mara mia na picha zitatembea kama kinyonga. Dawa yake ni kuijaribu simu kwa kadi yako kabla ya kulipa: usiishie kupiga tu, mtumie mtu picha palepale mbele ya muuzaji, na usubiri akujibu kwamba imefika.

Lazima pia tuseme ukweli mwingine. Zipo siku ambazo kosa si la simu wala lako. Tarehe 7 Agosti 2017 mamlaka ya posta na simu ya nchi yetu, ARPTC, iliziandikia kampuni barua ikiziagiza zipunguze hadi mwisho uwezo wa kupitisha picha katika mitandao ya kijamii. Picha, wasikilizaji, zilitajwa kwa jina. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Wengi wetu siku zile tulibomoa mipangilio ya simu zetu tukidhani zimeharibika. Nachukua funzo moja: kabla ya kugusa kitu, muulize jirani mwenye kampuni ileile. Kama na yake imekwama, weka simu chini, ngoja.

Na tunakumbuka makato ya RAM, yaliyoanza mwaka 2020 kwa jina la kuandikisha simu. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Inite zilikatwa mtu akiwa katikati ya shida yake. Watu walipaza sauti, na mwaka 2022 yakafutwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba wananchi wakielewa kinachoendelea ndani ya simu zao, wanaweza kudai haki. Asiyeelewa hulipa na kunyamaza.

Hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Ujinga juu ya simu unauzwa ghali, na anayelipa bei kubwa ni maskini. Dola 20 kwa kazi ya maneno machache ni magunia mangapi ya mihogo? Na hasara si ya pesa tu. Simu ikiflashiwa bila sababu, vyote vilivyomo vinafutika: namba, picha ya marehemu baba, karatasi ya shamba uliyoihifadhi. Ukiiacha siku mbili mikononi mwa usiyemjua, picha za mkeo na watoto wako ziko mikononi mwake. Mafundi waaminifu wapo hapa Kindu, nami nawaheshimu, wanalehemu kwa mikono isiyotetemeka vitu vidogo kama punje ya mtama. Nawaomba wao wenyewe wawe wa kwanza kumwambia mteja: simu yako ni nzima, nenda kaandike APN.

Na tusiseme teknolojia ni ya wengine. Bati ndiyo sehemu kubwa ya madini ya kulehemu yanayoshikanisha viungo vya simu, na bati hutoka katika kasiterite, ile wanayochimba vijana wetu Kalima na Punia. Maniema imo ndani ya simu hizi kabla hazijafika Maniema. Mikono iliyotoa jiwe lile inaweza kujifunza na vilivyojengwa juu yake.

Kwa kampuni za simu nina ombi moja, nalisema kwa heshima na kwa nguvu. Bandikeni mipangilio ya APN na MMS ukutani, katika kila duka na kila kibanda kinachouza inite zenu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Ni karatasi moja. Kwa wauzaji wa simu za mtumba: jaribuni picha mbele ya mteja, mwambieni umri wa simu na toleo lake. Kwa walimu wa shule zetu: somo la saa moja tu juu ya jambo hili litawafanya wanafunzi wenu kuwa msaada kwa mtaa mzima, kama kijana yule alivyonisaidia mimi.

Nawe uliyeandika, usiifungie karatasi yako sandukuni. Jioni hii kuna shangazi, kuna babu, anayeitazama simu aliyotumiwa na mwanawe na picha ya mjukuu wake haijafunguka. Kaa naye dakika tano. Angalia mega, angalia kadi, fungua ukurasa, andika mlango, zima, washa. Usimwombe kitu.